Mkono wa Kushoto wa Sweta la Mzee Kamrudin

Maneno yalimtoka fundi Sila kabla hajayapima. "Mkono nitaufuma mimi," alisema, na watu wote waliokuwa barazani kwa Mzee Kamrudin, pale Majengo, wakamgeukia kana kwamba amesema atazaa.

"Wewe, fundi?" Bilkis aliuliza. Huyu ni binti wa Mzee Kamrudin, ndiye anayeuza dukani siku hizi, nyuzi na vifungo na zipu, tangu macho ya baba yake yalipoingia ukungu. Alikuwa ameshika sweta la kijivu lililoungua mkono wa kushoto, kwenye pindo lote na juu yake kidogo. "Baba hataki mkono wa mashine. Ukimletea wa mashine ataupapasa mara moja tu, atakurudishia."

"Nani kasema mashine? Nitaufuma kwa sindano."

"Umewahi?"

"Bado."

Mwantum, mama wa Kirangi anayeuza karanga ukingoni mwa baraza hilo hilo, alipiga makofi. "Jamani, njooni mwone! Mgogo kaacha ng'ombe, sasa anataka sindano za bibi zake!"

"We Mrangi, geuza karanga zako, zinaungua," Sila alimjibu, na watu wakacheka. Hata yeye alicheka. Lakini alilichukua lile sweta mikononi mwa Bilkis, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye mfuko wake. Likishaingia kwenye mfuko wa fundi, limeshakuwa kazi.

Sasa mtu atauliza, sweta moja kuukuu, watu wazima wanalikalia kikao? Lina habari yake.

Lilifumwa na marehemu mke wa Mzee Kamrudin, Bi Nazish. Kila kipupwe mama yule alikuwa akitoa kiti nje, akakaa juani na sindano zake. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita si wa kuchezea. Hauna mvua wala umande, una vumbi na wembe, ukishuka huko uwanda wa juu unapita katikati ya vifungo vya shati kama mtu anayetafuta kitu. Bi Nazish aliliona hilo, akamfumia mumewe sweta la sufu halisi ya kondoo, si hizi nyuzi za nailoni. Juu ya kila mkono akapitisha kitu kama kamba nene ya nyuzi mbili zinazopandana, kutoka kwenye pindo hadi begani. Kamba hiyo haikushonewa juu, ilizaliwa humo humo ndani ya kitambaa.

Alipofariki, Mzee Kamrudin aliendelea kulivaa. Akishakaa kwenye kiti chake barazani, dole gumba la mkono wa kulia linapanda kamba ya mkono wa kushoto, linashuka, linapanda tena. Tasbihi alikuwa nayo pia, lakini ile ilikuwa ya sala. Macho yalipoanza kufifia, dole lile ndilo likawa jicho lake. Na hapo alipokaa alikuwa anajua kila anayepita kwa sauti yake tu. "Yotham, mguu umepona?" "Mama Anitha, mbona leo unakohoa?" Wapagazi wa magunia walimsalimia kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote.

Siku moja asubuhi Bilkis alikuwa amechemsha chai kwenye jiko la mkaa karibu na kiti. Mzee akasinzia, mkono ukaning'inia. Walishtushwa na harufu ya nywele kuungua. Ngozi yake haikupata neno kubwa, mafuta kidogo yakamaliza. Lakini sweta!

Tangu siku hiyo hakutoka nje. Bilkis alimnunulia koti zuri lenye manyoya kwenye kola, akalivaa mara moja, akasema linamkaba. Aliletewa blanketi, akasema yeye si mtoto mchanga. Akawa analala chumba cha ndani ameuelekea ukuta. "Niacheni, kuna baridi," ndiyo yakawa maneno yake. Chakula anaonja, anasukuma sahani. Kiti kikabaki barazani kitupu, kikaanza kuwekewa maboksi. Bilkis alipomwambia Sila habari za chakula kuachwa ndipo maneno yale yakamtoka.

Sila Matonya ni mtu wa upande wa Chamwino. Alichunga ng'ombe za babaake hadi ukame ulipozimaliza, akaja mjini akiwa kijana mwenye fimbo na hana cha kuchunga. Mzee Kamrudin alikuwa ameleta mashine ya kufumia masweta na hajui nani ataisukuma. Akamwambia, "Wewe umezoea kusimama siku nzima. Njoo usimame hapa." Ndivyo alivyopata kazi, na hapo kwenye kona ya baraza ndipo alipozeekea. Masweta ya shule ya kijani, ya bluu, ya damu ya mzee. Watoto wa mji huu wengi wamekwenda shule asubuhi za baridi ndani ya kazi ya Sila, na watoto wao pia.

Bi Nazish alikuwa akimtania. Mashine za namna ile, kitambaa kinaposhuka, upande unaomwelekea fundi ni ule wa ndani. "Sila," mama yule alikuwa akimwambia bila kuacha sindano, "wewe kazi yako unaiona mgongo tu. Mpaka uishushe ndiyo unakutana na uso." Naye alikuwa akijibu, "Mgongo nikiujua, mama, uso utajileta wenyewe." Wakicheka hapo, kila mmoja anaendelea na yake.

Basi kesho yake alimfuata Mwantum. Alimkuta anafuma kofia ya mtoto mchanga kwa spoku mbili za baiskeli zilizochongwa ncha kwenye jiwe, huku karanga zikiwa kwenye ungo mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu," Sila alisema.

"Marahaba, mwanafunzi. Umeleta ada?"

"Nimeleta masikio."

"Masikio hayafumi. Leta vidole." Akamnyang'anya mkono, akaugeuza, akautazama. "Mh. Vidole vya kukamulia. Haya, kaa."

Kukaa kwenyewe kulikuwa kazi. Mtu aliyezoea kusukuma mkono wa mashine kushoto na kulia, safu nzima ya vitanzi inajifuma kwa mpigo mmoja, leo anaambiwa ashike kitanzi kimoja, akitoboe, auzungushe uzi, akivute, ndipo aende kwa mwenzake. Vitanzi vyake vya kwanza alivibana mno hadi sindano ikagoma kuingia. Alipolegeza, vikaanguka kama watoto wanaoteleza kitandani. Wapagazi wakawa wanasimama na mikokoteni yao kumtazama.

"Fundi, hiyo ni soksi au mtego wa panya?"

"Soksi yako," alijibu. "Utaivaa mwenyewe."

Alikuwa akirudi kwake Msalato jioni na kipande mkononi. Mkewe, Jenifa, anaepua sufuria jikoni huku akimwangalia kwa jicho la pembeni. Akaja kusema, "Baba, unatoa ulimi."

"Wapi?"

"Hapo, ukifuma. Kama unaandika mtihani."

Akaurudisha ulimi ndani, akaendelea. Uzi wa mazoezi aliufuma akaufumua hadi ukachakaa ukawa kama nywele za mbuzi. Ila ikafika mahali sindano zikaacha kugombana. Mwantum alikivuta kile kipande huku na huku, akakiinua kwenye mwanga. "Sasa hiki ni kitambaa," alisema. Kisha akaongeza upesi, asije akavimba kichwa, "Kibaya, lakini kitambaa."

"Sasa nifundishe ile kamba."

"Kamba? Baba, mimi nafuma kofia. Ile kamba alikuwa nayo mama wa watu, akaenda nayo. Hapa Majengo hakuna anayeijua."

Hapo ndipo mtu mwingine angelirudisha lile sweta na kuomba radhi. Sila alikaa akatafuna karanga zake taratibu. Alifikiri kwamba kitu kilichofanywa na mikono, kiko pale pale kilipofanyiwa. Mkono wa kulia wa sweta bado mzima. Uliofumwa mbele ya macho ya watu utasomeka.

Akaanza na ule ulioungua. Alikata mshono wa begani, akautoa, akaufumua kutoka juu kushuka hadi penye kuungua. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama mkia wa nguruwe. Akauosha, akautundika na jiwe ili unyooke. Uliopona haukutosha mkono mzima. Bilkis alimtafutia dukani kijivu kingine cha karibu karibu, wakakubaliana hicho kiende kwenye pindo, huko kwenye kiganja ambako kila pindo huwa limechakaa hata hivyo.

Kisha akauchukua ule mkono mzima, akafanya kama alivyofanya na kila sweta maishani mwake. Aliugeuza ndani nje. Akaliangika sweta msumarini mbele ya kiti chake, mgongo wa kazi ukimwelekea, maana huko ndiko macho yake yalikozoea kusoma. Akafuata kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Polepole kamba ikamwambia siri yake: vitanzi vichache vinatolewa kwenye foleni, vinawekwa pembeni kwenye sindano ya tatu, wenzao wanafumwa kwanza, ndipo vile vinarudishwa vikiwa vimeshapandana. Basi. Foleni iliyorukwa, hiyo ndiyo kamba.

Alicheka peke yake. Aliomba spoku nyingine kwa fundi baiskeli, akaikata fupi, akaisugua.

Kitu kimoja kilimshangaza. Yeye kasokota kamba nyingi za kufungia ndama, anajua kamba ya mtu wa mkono wa kulia inavyolalia na ya mtu wa mashoto inavyolalia. Uzi wa juu wa hii ya msumarini, akiufuata kwa nyuma, ulilalia kushoto, kama kamba ya mashoto. Akajaribu kumkumbuka Bi Nazish akimimina chai, ni mkono gani? Hakukumbuka. "Labda kwao ndivyo wanavyosokota," alijisemea, akaifuata ilivyo.

Kazi ilikwenda. Asubuhi anafuma masweta ya wateja kwa mashine, jua likipinda anashika sindano. Waliokuwa wakimcheka walianza kuja kuuliza kamba imefika wapi, kama watu wanaofuatilia ujenzi wa uwanja wa ndege. Mwantum alisogeza ungo wake karibu zaidi, akisema huko kwake kuna jua kali. Mkono ulipofika begani, Sila aliushona mahali pake, akalipiga pasi kwa kitambaa cha maji, akaingia nalo ndani.

"Hodi, Mzee."

"Nani? Sila? Mbona umepotea?"

"Nipo. Nimekuletea nguo yako."

Mzee Kamrudin alijigeuza kitandani. Alikuwa amekonda, mishipa ya shingo imemsimama. Bilkis alimsaidia kukaa, wakamvisha. Mzee alishika pindo, akatabasamu. "Hapa uzi mgeni."

"Mgeni, Mzee. Ule wa zamani haukutosha."

"Si neno." Dole gumba likapanda kamba. Lilifika nusu ya njia kuelekea kwenye kiwiko, likasimama. Likarudi chini. Likapanda tena polepole, likasimama tena, kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba aliyodhani ni yake. Halafu mzee akabadilisha, akapitisha dole la kushoto kwenye mkono wa kulia, ule wa zamani. Huko halikusimama.

"Umefanya kazi kubwa, Sila," alisema. "Ahsante sana, bwana. Limekuwa zuri." Akajilaza na sweta lake, akauelekea ukuta.

Bilkis alitoka nje anafuta macho kwa furaha. Sila alitoka nyuma yake hana furaha hata tone.

"Hajatoka," alisema.

"Atatoka kesho. Amelivaa, fundi! Koti hakulivaa."

"Umeona dole lake?"

"Dole gani tena?"

Sila alingoja hadi mzee alipolivua sweta kwenda kuoga, akaliomba, akalitandaza mezani dukani, uso juu, mikono yote miwili kando kando. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama mikono ile pamoja kwa usoni. Kamba ya kulia ililalia kulia. Kamba yake ililalia kushoto. Akageuza ule wa kulia ndani nje, akaufuata uzi wa juu kwa nyuma, na papo hapo ukalalia kushoto, vile vile alivyousoma msumarini siku zote. Uzi wa juu ukiufuata kwa mgongoni unakudanganya upande. Alikuwa ameisoma mgongo, akaifuma usoni.

"Mama wee," alisema kwa sauti ndogo, akimwambia marehemu, si Bilkis aliyesimama kando. "Si uliniambia."

Mwantum alikuja akachungulia. "Sasa tatizo liko wapi? Hii inakwenda huku, hii inakwenda huku, zinaelekeana. Mbona ndiyo fasheni? Wengine wanalipia hiyo."

"Ni nzuri zaidi hata," Bilkis alisema. "Mzee Sila, tafadhali, iache. Na uzi huu je? Sufu hii ina umri kuliko mimi. Umeshaifumua mara moja. Ukiifumua tena itakatika vipande, na hapo tutakosa vyote. Hakuna nyingine duniani."

Alisema kweli. Sila aliushika uzi kati ya vidole, akausikia ulivyolegea, ulivyoota manyoya. Ukikatika, mzee atabaki na sweta la mkono mmoja, na aliyelimaliza si jiko tena, ni yeye. Akaegemea meza. Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya kitanda, mzee amerudi kulala mchana wote.

"Yeye kwangu hakuwahi kuniambia limekuwa zuri," Sila alisema. "Tangu ananifundisha kazi, nikipatia ananyamaza. Akisifia ujue kanionea huruma." Akachukua mkasi, akakata mshono wa begani.

Mwantum alifumba macho. "Mgogo wewe ni mbishi kuliko punda."

"Shika huku ncha," Sila alimwambia. "Usivute. Mimi nitafumua, wewe kunja. Taratibu, kama unamtoa mtoto mwiba."

Ulikatika. Mahali pa kwanza karibu na bega, kisha pengine, kisha pengine. Bilkis alikuwa akishtuka kila mara kama yeye ndiye aliyekatwa. Lakini Sila alikuwa ameshagundua, tangu alipokuwa akiosha, kwamba sufu si nailoni. Ukichambua ncha mbili, ukazilaza pamoja, ukazitia mate na kuzisugua viganjani kwa nguvu hadi mikono ipate moto, zinang'ang'aniana zinakuwa uzi mmoja. Ndivyo alivyofanya kila ulipokatika. Akasugua hadi viganja vikawa vyekundu, na wapagazi waliopita wakadhani anasikia baridi.

Safari hii hakutundika kitu msumarini. Aliliweka sweta mapajani, uso juu. Hata hivyo macho yalimsumbua, kwa sababu kila safu ya pili kazi inamgeuzia mgongo na akili yake inakimbilia huko ilikozoea. Mara mbili alivusha kamba upande wa mashoto, akajishika, akarudisha. Kabla ya kila mvusho alifumba macho, akapapasa kamba ya zamani kwa dole gumba, ndipo akavusha yake. Mwantum alimwona akifanya hivyo, mdomo wake ukafunguka apate kutania, akaufunga. Akasogeza tu kibati cha karanga karibu na goti lake.

Jenifa naye alipomwona nyumbani amefumba macho na sindano mkononi, alimwuliza kama anaumwa.

"Nafuma."

"Umefumba macho?"

"Mwenye sweta naye hatazami."

Mkewe akakaa karibu naye, akainua taa kidogo, ingawa haikuhitajika.

Siku alipoushona ule mkono mahali pake, upepo ulikuwa umekaza, mabati ya sokoni yanapigana. Hakupiga pasi, hakuita watu. Aliingia ndani na sweta begani.

"Hodi, Mzee. Nimelirudisha."

"Ulilichukua kwa nini? Si nilikwambia limekuwa zuri?"

"Ulisema. Vaa."

Mzee Kamrudin alivaa kwa kugunaguna. Dole gumba likashika pindo, likapita uzi mgeni, likaingia kwenye kamba. Sila alisimama pale mikono nyuma, kama siku ile alipotoa sweta lake la kwanza kwenye mashine. Dole lilipanda. Lilifika kwenye kiwiko. Hapo palikuwa na uvimbe mdogo wa uzi uliounganishwa, likauruka. Likapanda hadi begani, likashuka bila kusimama, likapanda.

Mzee hakusema limekuwa zuri. Dole liliendelea kupanda na kushuka. Halafu akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kitanda.

"Bilkis!" aliita, na sauti ilifika barazani hadi kwa Mwantum. "Kiti changu kiko wapi? Nani kaweka maboksi juu yake? Na hiyo harufu ni ya nini, karanga za nani zinaungua huko nje?"